Mtumwa Alipoambiwa: Sasa Wewe ni Kibarua

Ndugu wasikilizaji, juma hili nawaomba tutoke kidogo nje ya mipaka yetu, tuvuke bahari hadi jimbo la Texas huko Marekani. Msihofu, tutarudi nyumbani kabla ya muda wetu kwisha, kwa sababu safari yenyewe ilianzia nyumbani.

Mwaka jana, mwanzoni mwa mwezi Juni, nilipigiwa simu usiku na mtoto wa mama yangu mdogo. Yeye yuko mjini Houston kwa miaka kumi na moja sasa, na anafanya kazi katika ghala moja kubwa la mizigo, kazi ya kupanga maboksi na kuyahesabu. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kuulizana habari za watoto na bei ya mchele, akaniambia, "Kaka, kuna jambo linanitatiza. Kazini wanataka nicheze ngoma."

Nikadhani anatania. Akanieleza. Ofisa utumishi wa ghala alimwita, akamwambia kwa adabu kabisa kwamba tarehe 18 Juni, mkesha wa sikukuu ya kukumbuka mwisho wa utumwa, kutakuwa na sherehe ya utamaduni kantini wakati wa chakula cha mchana. Kutakuwa na nyama ya kuchoma, soda nyekundu na keki. Na kwa kuwa yeye ametoka Afrika, basi avae nguo za kwao, acheze kidogo, halafu aseme maneno mawili juu ya namna Waafrika wanavyoiadhimisha siku kama hiyo.

"Sasa kaka, ngoma gani? Mimi hata kwenye harusi zetu nilikuwa nakaa viti vya nyuma. Na hayo maneno mawili ni yapi?"

Nilimjibu haraka, kama tunavyojibu sisi watu wa redio ambao tumezoea kujua kila kitu. Nilimwambia, "Waambie hiyo si siku yetu. Ni siku ya Wamarekani weusi. Sisi hatukulima pamba ya Texas." Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa, na huko si kwenu. Akanyamaza kidogo, akasema sawa, tukaagana.

Lakini usingizi ulinipaa. Nikajiuliza, hivi mimi nayajua mambo haya, au nimesema tu? Siku zilizofuata nikaanza kuyasoma, na leo nataka niwagawie niliyoyapata.

Ndugu wasikilizaji, sikukuu hiyo huitwa Juneteenth. Ni jina lililotokana na kuunganisha maneno mawili ya Kiingereza, Juni na kumi na tisa. Tarehe 1 Januari 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto, Rais Abraham Lincoln alitangaza kwamba watumwa wote katika majimbo yaliyoasi wako huru. Texas lilikuwa mojawapo ya majimbo hayo. Lakini tangazo la rais halivunji mnyororo lenyewe. Linahitaji mtu wa kulisimamia, na huko Texas majeshi ya serikali yalikuwa hayajafika. Ndiyo maana mabwana wengi kutoka majimbo ya jirani, walipoona jeshi linawakaribia, waliwaswaga watumwa wao kuwapeleka Texas, kama mtu ahamishaye ng'ombe mafuriko yanapokuja. Vita vilipokwisha inakadiriwa kulikuwa na watumwa wapatao 250,000 katika jimbo hilo.

Jenerali Lee wa upande wa waasi alisalimu amri tarehe 9 Aprili 1865. Lincoln mwenyewe alipigwa risasi siku tano baadaye, akafa kesho yake. Na watu wa Texas bado walikuwa wanaamshwa alfajiri kwenda shamba la mtu. Hadi tarehe 19 Juni 1865, miaka miwili na nusu baada ya tangazo, ndipo Jenerali Gordon Granger, aliyekuja na wanajeshi wake katika mji wa bandari wa Galveston, alipotoa amri yake namba 3.

Wengi husimulia kwamba habari zilichelewa kufika. Hapana, habari husafiri, na watumwa nao walikuwa na masikio. Kilichochelewa ni askari wa kuifanya habari hiyo iwe kweli. Tuliweke hilo akilini, maana haki iliyoandikwa ambayo haina wa kuisimamia tunaifahamu vizuri hata sisi.

Sasa nije kwenye amri yenyewe. Nilishangaa nilipoona ni fupi mno, sentensi nne tu. Ya kwanza inawaambia watu wa Texas kwamba watumwa wote ni huru. Ya pili inasema uhuru huo maana yake ni usawa kamili wa haki za nafsi na haki za mali baina ya waliokuwa mabwana na waliokuwa watumwa, na kwamba uhusiano wao tangu sasa utakuwa ule wa mwajiri na mtu wa kuajiriwa kwa ujira. Ya tatu inawashauri waliofunguliwa wabaki kwa utulivu pale pale walipo, wafanye kazi kwa malipo. Ya nne inawaonya kwamba hawataruhusiwa kukusanyika kwenye kambi za jeshi, wala hawatalishwa wakikaa bure, si hapo wala kwingineko.

Basi, hati ile ambayo watu wanaishangilia kwa ngoma na keki, nusu yake ni ahadi ya usawa, na nusu yake ni hati ya ajira. Na mtu aliyeamka mtumwa asubuhi akaambiwa jioni kuwa ni huru, aliambiwa papo hapo abaki kwa bwana yule yule, shamba lile lile, jembe lile lile. Kilichobadilika ni kwamba sasa anatakiwa alipwe. Je, alilipwa?

Baadhi ya mabwana walificha habari hadi mavuno yalipoingia ghalani. Wazee waliowahi kuwa watumwa waliyasimulia hayo wenyewe katika miaka ya 1930, walipokwenda watu kuandika habari zao. Mwaka 1866 bunge la Texas lilipitisha sheria za kuwabana watu weusi katika mikataba ya kazi na kuwaadhibu walioitwa wazururaji. Marekebisho ya 13 ya Katiba ya Marekani, yaliyokamilika tarehe 6 Desemba 1865, yalipiga marufuku utumwa nchi nzima isipokuwa kwa mtu aliyehukumiwa kwa kosa la jinai. Kwenye mwanya huo watu wakapita. Wafungwa, wengi wao weusi, walikodishwa kwa wenye mashamba ya miwa. Mwaka 2018, katika mji wa Sugar Land, karibu kabisa na Houston, mafundi waliokuwa wanajenga shule walifukua makaburi yasiyokuwa na alama. Ilikutwa miili 95 ya watu weusi waliokufa katika kazi hiyo ya wafungwa wa kukodishwa, miaka mingi baada ya amri ya Granger.

Pamoja na hayo, watu walisherehekea. Sherehe za kwanza zilifanyika mwaka 1866, mwaka mmoja tu baada ya amri. Na ziliwagharimu. Huko Houston, mwaka 1872, viongozi wa watu weusi, miongoni mwao mchungaji Jack Yates aliyekuwa mtumwa, walichanga fedha wakanunua ekari 10 za ardhi, ili wawe na mahali pao pa kukusanyika siku hiyo. Uwanja huo upo hadi leo, unaitwa Emancipation Park, yaani bustani ya ukombozi. Walikuja na nyama ya kuchoma na vinywaji vyekundu, ambavyo wako wasemao vinakumbusha damu iliyomwagika. Walisali na kuimba, wakavaa nguo zao nzuri, na aghalabu kabla ya kula mtu alisimama akasoma tangazo la uhuru kwa sauti, wote wakasikiliza.

Tena siku hiyo hawakwenda kazini. Kwa mtu ambaye jana hakuwa na hata saa moja iliyo yake, kuacha jembe kutwa nzima akaenda uwanjani na watoto wake, hiyo ndiyo ilikuwa sherehe yenyewe. Chakula kilifuata tu.

Je, siku hiyo ilifikaje ofisini na kwenye maghala? Mbunge mmoja wa Texas, Al Edwards, ndiye aliyepigania muswada uliopita mwaka 1979, na kuanzia 1980 Texas likawa jimbo la kwanza kuifanya sikukuu rasmi. Bibi mmoja wa Fort Worth, Opal Lee, ambaye nyumba ya wazazi wake ilivamiwa na kuharibiwa na kundi la wazungu siku ya 19 Juni 1939, akiwa binti wa miaka 12, aliamua mwaka 2016, akiwa na miaka 89, kutembea kwa miguu kuelekea Washington kuomba siku hiyo iwe ya taifa zima. Kila alipopita alitembea maili mbili na nusu, kwa ajili ya ile miaka miwili na nusu. Kisha mwezi Mei 2020 George Floyd akauawa chini ya goti la polisi, watu wakajaa barabarani, na makampuni makubwa yakaanza kushindana kutangaza kwamba nayo yanaiheshimu Juneteenth. Tarehe 17 Juni 2021 Rais Joe Biden alitia saini sheria ya kuifanya sikukuu ya taifa, na bibi Opal Lee alikuwapo hapo.

Lakini sheria hiyo inawapa mapumziko wafanyakazi wa serikali kuu. Kampuni binafsi haibanwi nayo. Anayetaka atoe siku nzima yenye malipo, anayetaka atoe keki. Na haraka ina baraka zake na ina aibu zake. Mwaka 2022 kampuni ya maduka ya Walmart ilitengeneza aiskrimu ya Juneteenth, ikapigiwa kelele hadi ikaiondoa na kuomba radhi. Mwaka huo huo jumba la makumbusho la watoto mjini Indianapolis liliweka kwenye orodha ya chakula saladi ya tikiti maji ya Juneteenth, ilhali tikiti maji ni dhihaka ambayo watu weusi wa nchi hiyo wametupiwa kwa zaidi ya karne. Nalo likaomba radhi. Na kufikia mwaka 2025, upepo wa siasa ulipogeuka, baadhi ya waliokuwa mbele kuifadhili sherehe hiyo walipunguza fedha zao au wakanyamaza kabisa.

Ndugu wasikilizaji, sipingi ngoma wala nyama. Watu wasiokula pamoja hawajuani. Ninachosema ni kwamba ukiiadhimisha siku hii mahali pa kazi, ujue umeileta pale pale inapohusika, kwa kuwa amri ya Granger ilizungumzia kazi na ujira. Mwajiri anayeipamba kantini kwa bendera, halafu hataki neno ujira litajwe siku hiyo, amesherehekea sentensi moja akaziruka tatu.

Nilimpigia mdogo wangu simu nikamsomea hayo yote. Akaniomba nimtafsirie ile amri kwa Kiswahili, amtumie mama yake. Nikaanza vizuri, hadi nilipofika kwenye mwajiri na mtu wa kuajiriwa kwa ujira. Nikakwama. Neno letu fupi la mtu huyo wa ujira ni kibarua. Na kibarua ni neno lenye historia. Katika karne ya kumi na tisa, hapa pwani na Unguja, vibarua walikuwa aghalabu ni watumwa ambao mabwana zao waliwakodisha kwa kazi za kutwa. Mtu alipewa cheti, kijibarua kidogo, cha kuonyesha kuwa amefanya kazi. Jioni alipolipwa, sehemu ya fedha hizo ilikwenda kwa bwana wake. Neno likatoka kwenye karatasi likamwingia mtu, na hadi leo tunalitumia kila asubuhi kwenye mageti ya viwanda vyetu bila kufikiri.

Nikamtafsiria hivyo hivyo: mwajiri na kibarua. Akacheka, akasema, "Basi kaka, mimi ngoma sichezi. Nitaomba niisome hiyo amri."

Akaenda kwa ofisa utumishi. Yule bwana alisita, akauliza kama haitawaudhi watu, lakini alipoona ni sentensi nne akakubali. Mdogo wangu alivaa kitenge, kwa sababu alitaka kuvaa kitenge, akasimama kantini, akasoma. Mama mmoja mtu mzima, mzaliwa wa Texas, ambaye wamepanga naye maboksi miaka mingi, alisimama naye. Akawaambia watu kwamba kwao, alipokuwa mtoto, hakuna aliyegusa chakula kabla ya kusomwa maneno ya uhuru.

Aliposoma ile sentensi ya pili, kijana mmoja akanyoosha mkono. Kijana huyo hakuwa mfanyakazi wa ghala hasa. Ameletwa na wakala, analipwa kwa siku aliyofanya kazi. Akauliza, "Na sisi wa wakala, kesho tunalipwa?" Maana waajiriwa wa kudumu walipewa tarehe 19 kuwa mapumziko yenye malipo. Wa wakala waliambiwa wasije, na asiyekuja hana chake. Wafagiaji, ambao nao ni wa wakala, waliambiwa waje wasafishe kantini baada ya sherehe.

Mdogo wangu aliniambia kantini yote ilinyamaza. Ofisa utumishi akasema ni swali zuri, akaliandika kwenye daftari lake. Keki ikakatwa. Mwaka umepita, na kijana yule hajajibiwa.

Sasa turudi nyumbani kama nilivyoahidi. Baada ya sherehe, yule mama wa Texas alimuuliza mdogo wangu swali la kirafiki kabisa: "Na ninyi kwenu, siku yenu ni ipi?" Hakuwa na jibu. Usiku akanipigia. Akasema, "Kaka, uliniambia siku hii si yetu. Una hakika?"

Ndugu wasikilizaji, mimi na yeye bibi yetu ni mmoja, na bibi yetu alizaliwa Bagamoyo. Tulipomuuliza asili ya baba yake alitujibu neno moja kila mara: "Sisi watu wa hapa hapa." Nilipokuwa na miaka 12 kulitokea msiba katika ukoo, watu wakagombana juu ya kiwanja, na mzee mmoja akamtupia mjomba wangu neno "mzalia". Mjomba aliondoka msibani, na hakurudi nyumba ile hadi alipofariki. Hakuna aliyetueleza sisi watoto neno hilo lilikuwa na sumu gani. Nilikuja kujua ukubwani kwamba mzalia ni mtumwa aliyezaliwa nyumbani kwa bwana.

Tarehe tunazo. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa, na mahali pa soko la Mkunazini likajengwa kanisa kuu la Anglikana. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed, chini ya shinikizo la Waingereza, alitoa amri ya kufuta hadhi ya utumwa Unguja na Pemba. Lakini mtumwa ilimpasa aende mwenyewe kuomba uhuru wake, bwana wake akilipwa fidia, na aliyefunguliwa bila kuonyesha mahali pa kukaa na njia ya kujilisha aliweza kuhesabiwa mzururaji. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi mwaka 1909. Mnaona inavyofanana na sentensi ya nne ya Granger? Huku bara Wajerumani hawakuufuta utumwa. Walichofanya ni kuamua kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Utumwa ulikomeshwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Si zamani hizo. Bibi yangu alikuwa msichana mdogo.

Nimefanya kazi ya redio zaidi ya miaka ishirini. Nimetangaza maadhimisho ya siku ya miti, siku ya maji, siku ya posta. Sijawahi hata mara moja kutengeneza kipindi juu ya mwaka 1922. Si kwa kukosa muda. Nilikuwa naogopa jibu la bibi.

Mficha uchi hazai. Tumeificha aibu ambayo hata si ya aliyeuzwa, ni ya aliyeuza na aliyenunua. Wenzetu wa Texas waliichukua siku ile ile waliyoambiwa wabaki kwa bwana na wafanye kazi, wakanunua ekari 10, wakavaa, wakasoma kwa sauti mbele ya watoto wao. Sisi tuliwaambia watoto kuwa ni watu wa hapa hapa.

Sidai serikali itupe sikukuu nyingine ya kulala. Naomba mambo mawili. La kwanza, wewe mwenye mzee nyumbani anayejua, muulize kwa heshima, na akikwambia usimwonee haya. La pili, wewe mwajiri, wa huku au wa huko, utakapopanga sherehe ya uhuru kazini kwako, kabla hujaagiza keki hesabu kwanza ni nani atakayeifagia kantini, na kama siku hiyo atalipwa.

Mdogo wangu nimemjibu. Nimemwambia, mwaka huu wakikuuliza siku yenu ni ipi, waambie bado tunaitafuta, na kaka yako ameanza kuuliza.